Wale nyuki hawakunikimbia

Kwenye kaunta buku yangu, upande wa mbele kuna vipimo vya wateja: kiuno, nyonga, bega, urefu wa sketi. Mimi ni fundi cherehani, Sikonge, mkoa wa Tabora. Ukiligeuza daftari hilohilo na kulifungua kwa nyuma, unakutana na nyuki. Na huko nyuma, kwa miaka minne, kuna neno moja linalojirudia mpaka linatia aibu: wamehama. Namba 3, wamehama. Namba 11, wamehama. Namba 7, wamehama tena.

Baba alipofariki mwaka 2018 aliniachia mizinga 14. Tisa ni ya mbao, ile yenye viunzi vya juu, imekaa kwenye kipande chetu cha pori kama mita mia nne kutoka nyumbani. Mitano ni ya magome, imetundikwa mbali msituni, na hiyo anaishughulikia baba mdogo kwa sababu mimi mti siupandi na sina mpango wa kujifunza. Kaka zangu hawakuitaka. Mmoja aliniambia kwa simu kutoka Dar, "Dada, nyuki siyo mifugo. Ng'ombe ukimfunga kamba anabaki." Siku ile nilicheka. Msimu wa kwanza ulipoisha sikuwa na hamu ya kucheka.

Kila walipoondoka nilitafuta mkosaji. Mara nilisema moshi nimeuzidisha. Mara nikamshuku jirani anayechoma majani karibu na mpaka. Kuna mteja wangu mmoja akaniaminisha kwamba nyuki hawamtaki mwanamke anayejipaka mafuta yenye manukato. Nikaacha mafuta miezi sita, ngozi ikawa kama ya kenge, na namba 11 wakaondoka vilevile. Manukato makali ni kweli huwaudhi nyuki ukiwa umefungua mzinga, lakini hayo ni ya siku hiyo tu, ukishafunga na kwenda zako yamekwisha.

Nimeandika haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja aliyeanza kufuga alikuja kibarazani kwangu na uso wa msiba. "Dada, nyuki wangu wamenikimbia." Nikamwuliza swali nililoulizwa mimi: uliwaona wote wakiondoka, au uliona wengi wakiondoka? Hakujua. Mimi nami sikujua, mpaka Machi 2023.

Ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na jua limetoka kwa nguvu. Nilikuwa kwenye oda ya sketi za sare thelathini, nimefika ya kumi na mbili, nikasikia kitu kama pikipiki iliyotoboka eksozi, inakuja lakini haifiki. Mwanangu wa mwisho akaja mbio.

"Mama, namba saba inamwagika!"

Sijapata neno bora kuliko la mtoto. Nyuki walikuwa wanamwagika mlangoni kama uji uliochemka ukafurika, wanapandana, wanaanguka, wanaruka. Ndani ya dakika kumi hewa yote juu ya manzuki, pale mizinga ilipokaa, ilijaa, wingu pana kuliko paa la nyumba yangu, linazunguka bila mwelekeo. Nilisimama na futi ya kupimia shingoni, nikasema moyoni: haya, na namba saba nao wamehama.

Wingu lile halikwenda mbali. Lilisogea, likashukia mwembe wa jirani nyuma ya jiko lake, na taratibu likajikusanya kwenye tawi mpaka likawa kitu kimoja kinachoning'inia kama ndevu, ukubwa wa ndoo ya lita kumi. Jirani alitoka na sufuria na mwiko, akaanza kupiga. Watoto wakarusha mchanga. Kijana mmoja, wale wasiokosekana mahali popote penye fujo, akaomba mafuta ya taa na kiberiti. Hapo nilipaza sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

(Kuhusu sufuria: desturi hiyo nimeikuta, na kila anayepiga huona nyuki wakitua, basi anaamini yeye ndiye aliyewafanya watue. Wangetua hata kama angekuwa amelala.)

Baba mdogo alikuja kwa baiskeli baada ya saa moja hivi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti kwenye simu kama kuna msiba?"

"Namba saba wamehama."

Hakwenda kwenye mwembe. Alikwenda kwenye mzinga, akachuchumaa pembeni ya mlango, si mbele yake, akatazama muda mrefu. Kisha akaniita.

"Hawa wanaoingia ni akina nani?"

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Wachache kuliko kawaida, lakini wanafanya kazi, na miguuni wamebeba chavua ya njano.

"Waliohama hawaachi wa kufagia," akasema. "Huu mzinga haukuhama. Umezaa."

Baba mdogo hasomi makala za nyuki. Ameanza kutundika mizinga kabla sijazaliwa, na kwa maneno yake mzinga ukigawanyika umezaa, basi. Lakini nilivyosoma baadaye usiku kwenye simu, miezi na miezi, nimeona hakuna njia fupi zaidi ya kulisema jambo lenyewe. Nyuki mmojammoja huzaliwa kila siku, hao ni kama seli za mwili. Kinachozaa kweli ni mzinga mzima, na unazaa kwa kujipasua vipande viwili.

Jioni tulifungua namba saba kwa moshi kidogo. Kwenye kingo za chini za masega kulikuwa na vijumba tisa vya malkia, vinaning'inia kichwa chini, mfano halisi wa karanga ambazo hazijamenywa. Vingine vilikuwa vimezibwa, vingine bado wazi, na ndani kuna jana, yaani mtoto wa nyuki, jeupe, limelala kwenye maziwa mazito. Masega ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, yalikuwa yamejaa watoto waliozibwa. Asali ipo, chavua ipo. Ukiwaondoa nyuki wale wa kwenye mwembe, hakuna kilichopungua.

Sasa jambo lililonishangaza kuliko yote: anayeondoka ni mama. Kwetu binti akikua huolewa akaenda kwao mume, mama akabaki na nyumba yake. Kwa nyuki, malkia mzee ndiye anayebeba virago na zaidi ya nusu ya watu, anawaachia mabinti nyumba iliyojengwa, chakula kikiwa ghalani na watoto wakiwa kitandani. Nilipomsimulia mama yangu mzazi, alikaa kimya kidogo, akasema, "Na hao mabinti wanapigania nini tena?" Nitafika huko.

Wala si malkia anayeamua. Vibarua ndio huanza. Mzinga unapojaa, nyuki ni wengi, watoto ni wengi, maua yako nje, ile harufu ya malkia ambayo kwa kawaida husambazwa kutoka nyuki mmoja hadi mwingine na kuwafanya wote wajue mama yupo, haiwafikii vizuri walioko pembezoni. Wanaanza kujenga vikombe vidogo vya nta kwenye kingo za masega. Malkia anatagia humo. Kisha vibarua wanapunguza kumlisha, wanamsukumasukuma na kumtikisa asitulie, anapunguza kutaga, anapungua mwili. Malkia anayetaga sawasawa ni mzito, hawezi safari. Kwa lugha yangu ya ufundi, wanampunguza kiuno ili avae mabawa.

Malkia mpya huchukua kama siku 16 tangu yai mpaka kutoka. Siku tatu ni yai, siku tano na ushee ni jana linalolishwa, kisha kijumba kinazibwa. Karibu na siku ile kijumba cha kwanza kinapozibwa, kama jua lipo na upepo hauna fujo, wanaondoka. Mvua ikiendelea wanasubiri. Ndiyo maana Jumanne ile ilifaa sana: siku mbili za mvua kabla yake, kisha asubuhi ya jua.

Kabla ya kutoka hujaza asali matumboni, kila mmoja. Ni masurufu ya njiani. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hawana nyumba wala watoto wa kulinda, kundi lililoning'inia mtini siku ya kwanza huwa na upole usioutegemea. Nimesema siku ya kwanza. Wakikaa siku kadhaa asali ikaisha tumboni, njaa inawapa hasira, na nyuki wetu hawahitaji sababu kubwa. Usije ukaniambia umesoma kwangu kwamba hawaumi.

Kwa hiyo tuliwachukua. Baba mdogo alishika sanduku chini ya tawi, mimi nikatikisa kwa mti mrefu, kundi likaanguka kwa kishindo kimoja kizito kama furushi la nguo mbichi. Tukaona baadhi wanasimama mlangoni, makalio juu, wanapepea mabawa. Hiyo ni ishara njema: wanatoa harufu ya kuwaita wenzao, maana yake malkia yumo. Jioni tukawahamishia kwenye mzinga mpya niliokuwa nimeutengenezesha kwa fundi seremala kwa pesa za sare. Niliuweka mahali pazuri kwa macho yangu, wazi, naweza kuuona kutoka kwenye cherehani. Nililala nikiwa tajiri.

Kesho yake saa sita mchana, bila kelele nyingi, walitoka wote wakaenda.

Baba mdogo hakushangaa. Alitazama mzinga wangu mpya unaonuka mbao mbichi, umekaa juani hauna kivuli hata cha kijiti, akasema, "Uliwapa nyumba kabla hawajakuuliza." Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba pale mwembeni aliona baadhi yao wachafu.

Mimi nami nilikuwa nimewaona. Juu ya kundi kulikuwa na nyuki wanane, kumi, wanaokimbia mstari mfupi huku wanatikisa kiuno, wanarudi, wanaanza upya. Wawili au watatu walikuwa weusi kama wametoka kwenye moshi. Nilidhani ni ugonjwa, nikaandika kwenye daftari: "wengine weusi, uliza."

Jibu nililipata miezi minne baadaye, na limetoka Ujerumani. Mwaka 1949 huko Munich, mtafiti anayeitwa Martin Lindauer aliona kitu kilekile. Alikuwa mwanafunzi wa Karl von Frisch, yule aliyefumbua ngoma ya nyuki, ambaye mwaka 1973 alipata tuzo ya Nobel. Watu walijua nyuki anacheza ngoma ile kuonyesha maua. Lindauer akatazama kundi lililoning'inia kichakani, akaona wanaocheza hawana chavua, ila wana masizi, wana vumbi jekundu la matofali. Mji ulikuwa umepigwa mabomu vitani miaka michache kabla. Nyuki wale walikuwa wanatoka kwenye mabomba ya moshi na kwenye kuta zilizobomoka, wanatafuta nyumba, na vumbi lilikuwa anwani waliyoibeba mgongoni.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Kama kilomita moja kutoka kwetu kuna bani la tumbaku lililoachwa. Kwa wasiojua Tabora: bani ni kile kibanda kirefu cha tofali ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto huo unakula miti ya miombo kwa kasi ambayo mfugaji nyuki yeyote anaipigia hesabu kwa uchungu. Lile bani mwenyewe aliacha kilimo, paa limeshuka upande mmoja. Nilikwenda kesho yake. Kwenye ufa wa ukuta, juu, karibu na pale moshi ulipokuwa ukitokea, nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama watu wa sokoni. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni wangu. Lakini masizi yale ninayajua.

Maana yake ni kwamba pale nilipokuwa nawatikisa kwenye sanduku, walikuwa katikati ya kikao. Kikao chenyewe kimechunguzwa sana na Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambaye alipeleka makundi ya nyuki kwenye kisiwa cha Appledore, pwani ya Maine, mahali pasipo na miti mikubwa, ili nyuki wasiwe na nyumba za kuchagua ila masanduku aliyowawekea yeye. Wapelelezi ni wachache, mia kadhaa katika maelfu, na ni nyuki wakongwe waliokuwa wakitafuta maua. Kila mmoja akiona tundu hulikagua ndani, anatembea ukutani huku na huku, anapima ukubwa. Akirudi anacheza. Mwelekeo wa mstari wake unasema uende upande gani ukilinganisha na jua, na urefu wa kutikisa unasema ni mbali kiasi gani. Nyumba nzuri anaichezea mizunguko mingi, nyumba ya wastani michache.

Wanaomwona hawamwamini kwa maneno. Wanakwenda kujionea wenyewe. Kisha kila mpelelezi, hata mwenye nyumba nzuri, akirudi mara ya pili anacheza kidogo kuliko ya kwanza, mara ya tatu kidogo zaidi, mpaka ananyamaza. Hakuna anayeshikilia hoja yake mpaka uzee. Hoja dhaifu inakufa mapema kwa sababu haikupata wa kuirithi, na yenye nguvu inaendelea kwa midomo mipya. Tena wa nyumba hii wakikutana na anayechezea nyumba ile humgonga kwa kichwa na kutoa mlio mfupi, kumwambia basi. Idadi ya wapelelezi kwenye tundu moja ikifika kiwango fulani, makumi tu, wanarudi na kuwaamsha wenzao kwa sauti nyembamba. Kundi zima linapasha misuli joto mpaka nyuzi kama 35, linaondoka.

Mimi nimewahi kukaa saa nne kwenye mkutano wa kuchangia choo cha shule, na tulitoka bila choo. Sisemi zaidi.

Namba saba yenyewe iliendelea kunifundisha. Siku ya nane baada ya lile kundi kubwa, jioni, niliweka sikio kwenye ubao wa nyuma. Ndani kulikuwa na mlio: tuuuu, kisha tu, tu, tu, mwembamba, kama mtoto anayejifunza filimbi. Na kutoka mahali pengine, chini zaidi, mlio wa kujibu, mzito wa koo: kwa, kwa, kwa. Nilimwita mwanangu asikilize ili nihakikishe siumwi. Ule wa kwanza ni malkia kijana aliyekwisha kutoka. Ule wa pili ni dada zake waliokomaa lakini bado wamefungiwa vijumbani, na vibarua wanawazuia wasitoke. Hapo ndipo jibu la swali la mama yangu lilipo. Wakikutana, hupigana mpaka abaki mmoja, au aliyetangulia huwachoma dada zake kupitia ukuta wa nta kabla hawajatoka. Ila kama watu bado wako wengi, vibarua hawamruhusu kumaliza kazi, naye anaondoka na kundi la pili. Siku ya kumi lilitoka kundi hilo, dogo, ukubwa wa embe dodo mbili. Sikuligusa. Nilikuwa nimejifunza walau adabu.

Baada ya hapo ilikuja subira, na hapa lazima nieleze kosa langu la 2021, ambalo linaniuma kuliko yote. Mwaka ule nilipata kijitabu kilichosema: ukitaka kuzuia nyuki wasigawanyike, kata vijumba vyote vya malkia. Nikafungua namba 3, nikavikuta, nikavikata vyote kwa kisu cha kurinia, kumi na viwili, nikajisifu. Sikuona kwamba kundi lilikuwa limeshatoka siku sita au saba kabla, nami nilikuwa mjini kununua vitambaa. Malkia mzee hayupo, mayai hayapo, majana yote yamepita umri wa kugeuzwa malkia, maana jana la kibarua huweza kuleleka kuwa malkia likiwa changa tu, siku tatu za mwanzo. Na mimi ndiye niliyewatoa mabinti wa mwisho. Baada ya wiki kadhaa vibarua wenyewe walianza kutaga, mayai mawilimawili na matatu kwenye tundu moja, na kwa kuwa hawajapandwa, kilichozaliwa ni madume matupu. Mzinga ukaisha polepole kama mshumaa. Kwenye daftari niliandika nini? Wamehama.

Kwa hiyo namba saba niliiacha. Malkia mpya anahitaji siku kadhaa kukomaa, kisha anatoka kwenda angani kupandwa na madume wengi, siku ya jua, na anaweza kuliwa na ndege njiani. Akirudi salama bado zinapita siku chache kabla ya yai la kwanza. Kuanzia kundi la kwanza kutoka mpaka kuyaona mayai ilinichukua siku 26. Katikati ya siku hizo ukifungua mzinga utasema umekufa: nyuki wachache, hakuna yai, hakuna jana. Haujafa.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilikwenda naye mpaka kwenye mzinga wake. Nilimwambia aache kuutazama mlango, atazame masega, kwa sababu walioondoka huacha barua.

Masega yake yalikuwa makavu, safi, hayana asali hata tone, hayana mtoto hata mmoja. Hao walihama kweli, kwa mpango. Njaa ilipokaribia, malkia aliacha kutaga, wakangoja watoto wa mwisho watoke, wakala akiba, wakafuata mvua na maua mahali pengine. Nyuki wetu wa nyika wana tabia hiyo kuliko wa Ulaya, ambao wana baridi ya kuwafungia ndani. Nilimwuliza alirina lini na aliacha masega mangapi. Alirina yote. Basi tukanyamaza wote wawili.

Angekuta watoto wameachwa, wengine wanaoza, na asali imemwagika, angetafuta nyayo za nyegere, au siafu, au moto, au alama ya mkono wake mwenyewe. Huko ni kukimbia. Na angekuta watoto, asali, nyuki nusu, na maganda ya karanga kwenye kingo za chini, angekuwa na sababu ya kupika pilau.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba maandishi mengi niliyoyasoma kutoka nje yanazungumzia kugawanyika kama maradhi: namna ya kuzuia, namna ya kukomesha. Naelewa, kule mtu ananunua nyuki kwa pesa na kundi likiondoka ni hasara ya mavuno. Lakini babu zetu wa Unyamwezi hawajawahi kununua nyuki. Wametundika mizinga mitupu mtini, wakangoja iingiwe. Kama nyuki wasingegawanyika, Tabora isingekuwa na asali. Mzinga wa gome ni mtego wa kundi, na msimu wa makundi ni msimu wa kupanda.

Na nyuki hawa wanajua kugawanyika. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika, wengi wao Afrika Kusini, na wengine Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka huko Rio Claro, katika jimbo la São Paulo. Mwaka 1990 wajukuu wao walikuwa Texas. Ukitazama ramani uone Rio Claro iko wapi na Texas iko wapi, kumbuka hakuna aliyewabeba. Walikwenda mwembe kwa mwembe.

Siku hizi mnamo Februari naanza kukagua. Nikiona madume wameongezeka najua mzinga unawaza harusi. Nikiona vikombe kwenye kingo na ndani yake kuna yai, naongeza nafasi, nahamisha viunzi vyenye asali iliyoiva. Nikikuta vijumba tayari, nachukua masega manne matano pamoja na vijumba viwili na nyuki waliokaa juu yake, nawapeleka kwenye mzinga mtupu. Nagawa mimi kabla hawajagawanyika wao. Mara nyingine wananishinda, na ninawaacha waende, ila safari hii nawawekea nyumba wanayoweza kuikuta wenyewe: mzinga mkuukuu, si mpya, umepakwa nta iliyoyeyushwa kwenye viunzi na kusuguliwa gundi ya nyuki mlangoni, juu kwenye mti, kivulini. Seeley aliona nyuki wa Ulaya wanapenda tundu la lita kama 40 hivi. Wetu hawana makuu, nimewakuta kwenye tairi la trekta na kwenye kichuguu. Lakini kivuli wanakipenda, na mahali pa juu wanapapenda.

Mmoja wa mizinga hiyo baba mdogo ameutundika kwenye mti wa mtundu ulio njiani kati ya manzuki na lile bani. Juzi jioni nilipita nikaona nyuki watatu mlangoni. Hawana chavua. Wanaingia, wanakaa ndani muda, wanatoka, wanauzunguka mzinga nje kama mpangaji anayekagua chumba. Jana walikuwa kumi na tisa. Leo asubuhi niliacha kuhesabu nilipofika arobaini. Namba tano imeanza kuning'iniza ndevu mlangoni tangu saa tatu, jua ni kali, upepo hakuna, na nina suruali ya bwana harusi ambayo haijatiwa zipu.